PORI LENYE MKONO WA WATU

Iko desturi ya kuamini ya kuwa hifadhi ya wanyama ni mahali palipobaki kama palivyoumbwa. Mgeni hulipa kiingilio langoni, huona pongo, kiboko na tumbili, kisha hurudi kwao akisema ameiona nchi ambayo haijaguswa na mtu. Katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, usemi huo hauna msingi. Vilima vya mawe vya Usukuma, misitu ya Uzinza na visiwa vya ziwa vyote vimepita katika mikono ya watu: vimefyekwa, vimeachwa, vimefungwa na kufunguliwa tena. Historia ya nchi hiyo, kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, ni historia ya swali moja: mtu, ng'ombe na mnyama wa pori watakaaje katika ardhi moja, na ni nani atakayelipa gharama ya ujirani wao?

Mwanzo wa mambo hayo ni msiba wa ng'ombe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulishuka kutoka kaskazini ukapita Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe na nyati pamoja. Penye ng'ombe wengi vichaka havisitawi, kwa maana mchungaji hufyeka na kuchoma, na mifugo hula machipukizi. Ng'ombe walipokwisha, na watu wakapunguzwa na njaa na maradhi, vichaka vilirudi juu ya mashamba ya zamani. Wanyama wa pori walipopata nguvu tena waliingia katika vichaka hivyo, na mbung'o akawafuata. Mdudu huyo hunyonya damu ya mnyama wa pori, naye mnyama hadhuriki sana. Lakini kwa ng'ombe hupeleka nagana, na kwa mtu hupeleka malale. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba wenyeji wa zamani walikuwa na njia zao za kuishi karibu na ugonjwa huo, na kwamba njia hizo zilivunjika katika zama zile zile za kuingia utawala wa kigeni.

Mwaka 1922 malale ilizuka Maswa, na serikali ya Kiingereza ikaona haina budi kutenda. Aliyeshika kazi hiyo alikuwa C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa pori ya Tanganyika. Mwaka 1929 alifanywa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa Shinyanga. Aina moja ya mbung'o wa nchi hiyo inaitwa kwa jina lake katika elimu ya wadudu mpaka leo. Dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa shoka na moto. Watemi wa Shinyanga, akiwamo Makwaia wa Usiha, waliwaita watu wao, na maelfu ya wanaume wakatoka kwa kazi ya pamoja kukata vichaka vilivyokuwa maficho ya mdudu. Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, walakini kazi haikukoma. Mbung'o alisukumwa nyuma, na nchi pana ikafunguliwa kwa ng'ombe na pamba.

Shoka halikuonekana kuwa linatosha. Katika miaka ya 1940 wataalamu walifanya jaribio la pili katika wilaya ya Shinyanga: walituma wawindaji katika eneo lililochaguliwa, wakaua wanyama wa pori kwa maelfu, ili ijulikane kama mbung'o atakufa njaa akikosa damu yao. Habari za jaribio hilo zilichapishwa na Potts na Jackson mwaka 1952, nazo zilionyesha kwamba mbung'o walipungua sana. Msomaji na apime jambo hilo. Katika nchi hiyo hiyo ambayo sasa wageni huitembelea ili kuona wanyama, palikuwa na wakati ambapo kuwaua wanyama kulihesabiwa kuwa elimu, tena elimu ya manufaa. Waliofanya hivyo hawakuwa wakatili. Walikuwa wakiokoa ng'ombe na watu, nao waliona kwamba bei ya uokovu huo ni mnyama.

Mahali pengine bei ililipwa na mtu. Penye malale watu walikusanywa kutoka katika nyumba zilizotawanyika, wakawekwa katika makao ya pamoja yaliyofyekwa. Maswa ilikuwa hivyo katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu wa Uzinza na Biharamulo walihamishwa vivyo hivyo. Wengi waliokoka kwa kuhama. Lakini mashamba waliyoyaacha yaligeuka kuwa pori, na kizazi kilichofuata kililikuta pori hilo kikadhani lilikuwapo tangu kale. Mipaka ya mapori ya akiba katika sehemu hizo ilipochorwa baadaye, kama ule wa Maswa mwaka 1962, ramani haikuonyesha magofu ya vijiji.

Kisha dunia ikabadili nia. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa amepata sifa kwa kitabu na filamu juu ya Serengeti, vyote vya mwaka 1959. Mwanawe Michael alikufa mwaka huo huo, ndege yake ilipoanguka huko. Macho ya Grzimek yalielekea Rubondo, kisiwa kikubwa chenye msitu mzito katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, ambacho sasa kimo katika mkoa wa Geita. Mwaka 1965 kisiwa hicho kilifanywa pori la akiba, na wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kutoka Ulaya wakafunguliwa msituni. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika ya Magharibi, wakakamatwa wangali wachanga, wakakaa miaka mingi katika vizimba. Hawakuwa wamefundishwa na mama zao kutafuta chakula wala kutandika kiota. Wachache wao, kwa kuwa walizoea watu, waliwashambulia watu. Hata hivyo sokwe hao walijifunza, wakazaa, na wajukuu wao wamo kisiwani mpaka leo, hawahitaji kulishwa na mtu. Vifaru walioletwa hawakupata bahati hiyo. Wawindaji haramu waliwamaliza. Twiga na tembo walistahimili. Mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa.

Hapo ndipo ajabu ya historia hii ilipo. Mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa akawa mgeni asiyeruhusiwa kutia mtumbwi ufukoni, na sokwe aliyekuwa mgeni akawa mwenyeji. Si haki kusema kwamba jambo hilo halikuleta faida. Maji yanayozunguka kisiwa hayavuliwi kwa biashara, na samaki huzaliana humo kwa amani. Sangara na sato hawajui mipaka ya hifadhi, hutoka wakaingia katika nyavu za wavuvi wa nje. Nzohe, swala wa matetini ambaye ni mwenyeji halisi wa Rubondo, amepata kimbilio. Lakini faida hiyo haiifuti hesabu ya waliohama. Mwanza kiko kisiwa kingine, Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Hicho kinaitwa kwa jina la mtu aliyekuwa akikaa humo zamani. Rubondo haikubakiza hata jina la mvuvi mmoja.

Wakati hayo yakitendeka ziwani, Shinyanga ilikuwa ikilipa deni la shoka. Vichaka vilivyokatwa kwa ajili ya mbung'o, mashamba ya pamba, wingi wa ng'ombe na mahitaji ya kuni viliiacha nchi uchi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwatenga watu na malisho yao ya akiba. Ikasemwa kwamba Shinyanga inageuka kuwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI. Wataalamu wake walikuja na miche. Lakini mafanikio makubwa hayakutoka katika miche hiyo. Yalitoka katika neno la Kisukuma ambalo wazee hawakuwa wamelisahau: ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, majani na miti ikaachwa kukua, kisha ikafunguliwa kwa ng'ombe kiangazi kinapokuwa kikali. Akiba haiozi, na ngitili ni akiba ya majani. Haina ua wala lango. Mlinzi wake ni baraza la kijiji, liitwalo dagashida, na sungusungu wanaomtoza faini mwenye kuivunja. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Mbegu na visiki vilivyolala ardhini vilichipuka vyenyewe, na ndege wa aina zaidi ya mia moja wakaonekana tena. Mwaka 2002 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa.

Isidhaniwe kwamba ngitili haina kasoro. Mwenye ng'ombe wengi hupata eneo kubwa, na asiye na ng'ombe huambulia kuni na uyoga. Tena tembo hawezi kuishi katika ngitili ya hekta chache, wala nzohe hawezi kuhifadhiwa kwa faini ya dagashida. Wanyama wakubwa wanahitaji nchi pana, na nchi pana inahitaji sheria ya taifa. Lakini ngitili inafundisha jambo moja ambalo lango la hifadhi halifundishi. Aliyefunga malisho ndiye aliyevumilia kukosa majani hayo, na ndiye aliyeyapata mwishoni. Gharama na faida vilikaa katika nyumba moja, na kwa hiyo ulinzi haukuhitaji bunduki.

Kipimo hicho ndicho kinachopasa kutumiwa sasa, maana kazi haijakwisha. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Humo ng'ombe haruhusiwi kuingia. Upande wa Geita, ambako Wajerumani waligundua dhahabu mwaka 1894, wachimbaji wadogo wanahitaji magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke, na miji yao inahitaji mkaa. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewakaribisha wageni wa hifadhi, na pia malori ya mbao.

Mgeni anayevuka maji kutoka Kasenda kwenda Rubondo anastahili kuonyeshwa sokwe, akibahatika kuwaona, kwa kuwa msitu ni mzito nao ni wepesi wa kujificha. Anastahili pia kuambiwa ni nani walioishi pale, walihamishwa mwaka gani na kwa sababu gani. Habari hiyo haitampunguzia furaha. Itamwonyesha kwamba pori analolisifu si zawadi ya bahati. Ni kitu kilichonunuliwa, na baadhi ya walionunua hawajarudishiwa chenji yao.