Ngomeni na Ushahidi wa Mashimo Meusi

Historia ya mashimo meusi huandikwa kwa kawaida kana kwamba yote yalitendeka Ulaya na Marekani, ilhali mojawapo ya hatua zake kubwa ilipigwa katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya. Huko ndiko Chuo Kikuu cha Roma, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, kilikosimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kurushia roketi. Jukwaa la Santa Rita, ambalo awali lilitumika kutafutia mafuta, likawa kituo cha kuongozea mirusho, na lile la San Marco, lililorusha setilaiti yake ya kwanza mwezi Aprili 1967, likawa mahali pa kusimamishia roketi zenyewe.

Pwani hiyo ilichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Iko takriban nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta, ambako kasi ya dunia katika kujizungusha ni kubwa kuliko kwingine, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki, juu ya bahari isiyo na watu, hupata msukumo wa ziada bila kutumia fueli zaidi. Kwa wanafalaki kulikuwa na faida nyingine kubwa zaidi: setilaiti inayozunguka sambamba na Ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa chembe zenye chaji za umeme zinazoizingira dunia, ambazo huvuruga vipimo vya eksirei.

Eksirei, yaani miali ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa, hutoka pia angani penye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, lakini angahewa huizuia isifike ardhini. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake waligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua kwa kutumia roketi ndogo, iliyokaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu kabla ya kuanguka. Kilichohitajika ni chombo cha kukaa huko miaka. Chombo hicho kilirushwa kutoka San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo katika shirika la NASA, akakipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Hadi kilipokoma kufanya kazi mwezi Machi 1973, kilikuwa kimekusanya data iliyowezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339.

Kati ya hivyo, kilichozua mjadala mkubwa kuliko vyote ni Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hupanda na kushuka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru huchukua kukivuka, chanzo hicho hakikuweza kuzidi kilomita 30,000 kwa upana, ambao ni mdogo mno ukilinganishwa na upana wa jua. Mwaka uliofuata kurushwa kwa Uhuru, darubini za redio zilisaidia kukihusisha na nyota kubwa ya buluu. Kisha Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, wakabaini kwamba nyota hiyo hukizunguka kwa siku 5.6 kitu kisichoonekana, kizito kupita kiasi ambacho nyota iliyokufa inaweza kustahimili bila kujiporomokea. Hilo ndilo shimo jeusi: mahali ambapo mvutano ni mkali hata nuru haitoki. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinalipa uzito wa takriban jua 21.

Ushahidi mwingine wa mashimo meusi ulitokana na mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga na wakati ambayo Albert Einstein aliitabiri mwaka 1916. Joseph Weber alidai kuyanasa kwa silinda nzito za alumini, lakini madai yake hayakuthibitishwa na wengine. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, yenye mikono ya kilomita 4 inayopitisha miali ya leza, ilinasa wimbi lililotokana na kuungana kwa mashimo meusi mawili yenye uzito wa takriban jua 36 na 29. Ugunduzi huo uliwashangaza wanafalaki, kwani mashimo yaliyojulikana kwa njia ya eksirei, iliyofunguliwa na Uhuru, yalikuwa mepesi zaidi. Hata hivyo, jozi kama ile ya Cygnus X-1 na nyota yake inabaki kuwa kielelezo cha jinsi mashimo mawili yanavyoweza kuzaliwa pamoja, pale nyota iliyosalia nayo inapofikia kikomo cha maisha yake.

San Marco ilirusha pia Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, ambayo mwaka uliofuata iligundua chanzo kingine kilichotambuliwa baadaye kuwa shimo jeusi. Mrusho wa mwisho ulifanyika mwaka 1988, na Giacconi akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Waandishi wa vitabu vya sayansi vya Kiswahili wanapaswa kuitaja Ngomeni kila wanapoeleza jinsi mashimo meusi yalivyogunduliwa.