Kipimo cha pH: historia iliyopitia kwenye bia na malimau

Kwa karne nyingi, chombo cha kupimia tindikali kilikuwa ulimi. Siki, ndimu na ukwaju vilijulikana kwa uchachu wake, na maji ya majivu kwa utelezi wake mkononi. Lakini ulimi hautoi namba, na si kila kimiminika kinafaa kuonjwa. Kutoka kwenye kuonja hadi kupata namba ambayo kila maabara duniani inaielewa, wanakemia walipita njia ndefu, na waliosukuma hatua zake mbili kubwa ni watu waliokuwa na kazi mezani: kutengeneza bia na kukamua malimau.

Ulimi ulipokewa kazi na jicho. Mwaka 1664 Robert Boyle, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu rangi. Humo alieleza jinsi shira ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu ikitiwa tindikali, na kijani ikitiwa alkali, kama maji ya majivu. Rangi nyingine za mimea zilifuata, maarufu zaidi ikiwa litmasi, ambayo tindikali huigeuza nyekundu na alkali huigeuza buluu. Litmasi hutokana na kuvumwani, viumbe vya kijivu vinavyoota juu ya magome ya miti na miamba ya pwani. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kuvumwani wa jamii hiyo, na katika karne ya 19 mizigo yake ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezea rangi.

Hata hivyo, karatasi ya litmasi husema tu kwamba hii ni tindikali na ile si tindikali. Waliotaka kujua kiasi walidondosha alkali tone kwa tone hadi rangi ibadilike, kisha wakahesabu alkali iliyotumika. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina pengo. Siki na asidi hidrokloriki zinaweza kumaliza alkali kiasi kilekile, ilhali moja ni kali mara nyingi kuliko nyingine. Svante Arrhenius wa Sweden ndiye aliyefungua fumbo hilo. Katika tasnifu yake ya mwaka 1884, huko Uppsala, alitoa hoja kwamba vitu kama chumvi na tindikali vikiyeyuka majini huachana na kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni. Tindikali ni kitu kinachoachia ioni za haidrojeni. Iliyo kali huziachia karibu zote, iliyo dhaifu huziachia chache. Wakaguzi wake walimpa alama za chini. Mwaka 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa ilijulikana kinachotakiwa kupimwa, ila bado haikuwepo namna nyepesi ya kukitaja. Namna hiyo ilipatikana Copenhagen, Denmark, katika maabara ambayo J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg, aliianzisha mwaka 1875. Tangu mwaka 1901 idara ya kemia iliongozwa na S. P. L. Sørensen. Yeye alichunguza vimeng'enya, protini zinazoendesha mabadiliko ndani ya viumbe na ndani ya pipa la bia pia. Aliona kwamba utendaji wa vimeng'enya haufuati jumla ya tindikali iliyomo, bali wingi wa ioni za haidrojeni zilizo huru.

Shida ilikuwa udogo wa hesabu. Katika lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 25, ioni hizo ni moli 0.0000001. Mwaka 1909 Sørensen alipendekeza tutumie logi, yaani kutaja kipeo cha kumi pekee, bila alama ya kutoa: sufuri zote hizo zikageuka kuwa 7 tu, na moli 0.01 ikawa 2. Namba hiyo ndiyo pH. Ndiyo maana kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi: kimiminika chenye pH 4 kina ioni za haidrojeni mara 100 kuliko chenye pH 6.

Kupima kwenyewe kulibaki kugumu. Kulitegemea umeme: elektrodi ya wakati huo, yaani kipande kinachochovywa kwenye kimiminika, ilikuwa ya platini, na ilibidi gesi ya haidrojeni ipitishwe kwenye kimiminika ndipo volti zisomwe. Miaka hiyohiyo wanasayansi wa Ulaya, akiwemo Fritz Haber, waligundua kwamba kioo chembamba nacho huonyesha volti kulingana na tindikali, lakini mkondo wake ulikuwa hafifu mno kwa mita zilizokuwepo. Mwaka 1934 mkemia wa wakulima wa matunda California alimwendea Arnold Beckman, rafiki yake. Juisi ya malimau ya mkemia huyo ilikuwa imetiwa dioksidi ya salfa, ambayo hupausha rangi ya litmasi na kuharibu elektrodi ya haidrojeni. Beckman alichukua elektrodi ya kioo, akaiunganisha na vali za kukuza mkondo, akaweka vyote ndani ya sanduku moja. Mita ya pH ikapatikana, na ikauzwa dola 195.

Leo daktari anajua kwamba damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mtafiti anajua kwamba maji ya Ziwa Natron hupita 9. Anayeihitaji zaidi namba hii kwetu ni mkulima. Udongo ukishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi ya mbolea hufungwa mmea usiipate. Mbolea pekee haitaliponya shamba hilo. Linahitaji chokaa ya kilimo. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujanunua mfuko mwingine wa mbolea, chukua udongo sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye, upeleke ukapimwe. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya watu wa kazi, na wewe ni mmoja wao.