Akili Mnemba na Usomaji wa Hati za Kale za Kiswahili: Mtazamo wa Kihistoria

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Waswahili wa upwa wa Afrika ya Mashariki waliandika tendi, mashairi na barua kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Pate na mwaka 1728, ni miongoni mwa ushahidi wa kale wa desturi hiyo. Leo hati nyingi za namna hii zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London, na picha za baadhi yake zimewekwa mtandaoni. Hata hivyo, kuiona hati si kuisoma. Wasomaji wa hati hizo ni wachache, na ndiyo maana akili mnemba inatazamiwa kuziba pengo hilo. Makala hii inajenga hoja kwamba ugumu wa kazi hiyo hautokani na mashine, bali na historia ya maandishi yenyewe.

Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo, katika hati nyingi /e/ na /i/ ziliandikwa kwa alama moja, na vivyo hivyo /o/ na /u/. Herufi ya /b/ ilibeba pia /p/, na sauti ya king'ong'o iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Maneno baba, papa na pamba yangeweza basi kuwa na umbo moja. Msomaji wa zamani hakutatizika, kwa kuwa aliyajua maneno kabla ya kuifungua karatasi. Maandishi yalikuwa msaada wa kumbukumbu.

Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji mjini Mombasa, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyapata na kuyafafanua. Bila mjuzi huyo, mengi yangebaki fumbo.

Mashine nayo huhitaji mwalimu, na mwalimu wake ni matini inayofunzwa nayo. Hapa ndipo hatari ilipo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930. Tangu hapo, sehemu kubwa ya maandishi yaliyochapishwa imefuata Kiswahili sanifu. Mashine iliyolelewa na matini hayo inaweza kukutana na neno la Kiamu moya na kulisahihisha kuwa moja, au kugeuza nti kuwa nchi. Mizani haitapungua, lakini kina cha -ya kitavunjika, na lahaja ya mtunzi itafutika bila alama yoyote.

Kanuni za arudhi zinaweza kuwa kinga. Katika utendi wenye mizani minane kwa kila kipande, na kina cha bahari kinachorudi mwisho wa kila ubeti, usomaji usiotimiza mizani au kina hujifichua wenyewe. Lakini si kila kosa huvunja kina. Kwa sababu hiyo, usomaji wa mashine unapaswa kuhifadhiwa sambamba na picha ya hati, ukionyesha uwezekano zaidi ya mmoja pale maandishi yanapouruhusu, na uamuzi wa mwisho ubebe jina la mjuzi wa lahaja aliyeutoa. Hati iliyosomwa vibaya kisha ikasambazwa kwa upesi haijahifadhiwa; imebadilishwa.