Krispi za Maskati na mhogo wa Pemba: nani alitangulia?

Mabishano yalianza barazani Chake Chake, siku mjomba aliporudi kutoka Maskati na begi lililojaa pakiti za Chips Oman kuliko nguo. Pakiti zikapasuliwa, kila mtu akaonja, hukumu zikatoka: nyembamba, pilipili yake inapanda polepole, chumvi imezidi kidogo. Mjomba akatuonyesha wanavyokula vijana wa kule. Unazivunjavunja juu ya chapati yenye jibini, unaikunja, unatafuna. Ndipo mzee mmoja akauliza: nani hasa alianza kukaanga vitu hivi?

Jibu linalozunguka duniani ni Saratoga Springs, New York, mwaka 1853. Husimuliwa kwamba tajiri Cornelius Vanderbilt alirudisha viazi jikoni, akilalamika kuwa ni vinene. Mpishi George Crum, mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kale wa Marekani, akapandwa na hasira. Akavikata vyembamba kama karatasi, akavikaanga hadi vikakauka, akavimwagia chumvi ili amkomoe. Tajiri akavipenda.

Hadithi tamu, lakini haisimami. Kitabu cha mapishi cha Mwingereza William Kitchiner, kilichotoka 1817, kimeshaeleza viazi vilivyoparwa vyembamba na kukaangwa. Mwaka 1849 gazeti moja la New York lilimsifu Eliza, mpishi wa hukohuko Saratoga, kwa viazi vyake. Dada yake Crum, Kate Wicks, naye anatajwa kuwa ndiye mwanzilishi. Na jina la Vanderbilt lilienezwa na matangazo ya mwaka 1973, yaliyolipiwa na kampuni ya kutengeneza karatasi na vifungashio.

Kampuni ya vifungashio! Hapo barazani pakacheka, lakini siri imo humo. Ladha peke yake isingezifikisha krispi mbali. Zilibebwa na mfuko. Frank Smith wa London, kuanzia 1920, aliuza zake pamoja na chumvi iliyosokotwa kwenye kikaratasi. Mwaka 1926, huko California, Laura Scudder aliwapa wafanyakazi wake wanawake karatasi ya nta waende nayo nyumbani, waipige pasi iwe vifuko. Asubuhi vikajazwa krispi na kuzibwa. Mwaka 1954 Joe Murphy wa Dublin akaanzisha Tayto, zikatiwa ladha ya jibini na kitunguu. Tangu hapo kila nchi ina yake.

Sisi je? Mbatata, kama jina lake la Kireno linavyosema, ni mgeni, na nyingi tunazokula huvuka bahari kwa boti. Zetu ni za mhogo, mgeni mwingine, ulioletwa Afrika na Wareno haohao kutoka Brazili. Humenywa, ukaparwa, ukakaangwa kwenye karai hadi mapovu yatulie, kisha chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Mombasa huziita kachiri. Bila ya hizo kuelea juu, urojo ni mchuzi tu.

Ila mfuko ndio hatuna. Karafuu ya kisiwa hiki ina magunia, mizani na shirika la serikali, ZSTC, la kuinunua. Mhogo hauna hata jina kwenye karatasi, na wauzaji wake wengi ni kina mama wanaoamka alfajiri kuchochea kuni. Tunamsubiri mjomba atuletee Maskati kwenye begi, huku tukipita karai mlangoni.

Mzee akatuma mtoto kwa bi mkubwa wa karibu na stendi. Zikaja moto, pilipili pembeni, imesokotwa kwenye kipande cha gazeti kama chumvi ya Smith. Chips Oman zikasahauliwa sakafuni. Mjomba akaagiza mafungu kumi ya kurudi nayo. Siku ya pili, kabla boti haijatia nanga Unguja, akapiga simu: zimeshalegea.