Posho na Maarifa Yaliyosahauliwa

Hapo kale neno posho lilikuwa na maana ya kipimo cha chakula anachopewa mtu kwa safari au kwa kazi. Katika Kenya ya wakoloni kipimo hicho mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi, hata neno likawa jina la unga wenyewe. Ndiyo sababu mpaka leo, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tangu Pumwani hata Kaloleni, kinu cha kusagia mahindi hujulikana kwa jina hilo la posho.

Mahindi asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko waliyachemsha katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, wakaifungua niasini, vitamini iliyofungamana na punje, hata mwili ukaweza kuitumia. Mbegu ilivuka bahari, bali maarifa yale hayakuvuka pamoja nayo. Huko Hispania, mwaka 1735, tabibu Gaspar Casal aliona maradhi ya maskini waliokula mahindi karibu siku zote: ngozi ikiambuka, tumbo likiharisha, akili ikivurugika. Ndiyo pelagra. Wengi walidhani kuwa huambukiza, mpaka Joseph Goldberger, aliyeanza kazi hiyo Marekani mwaka 1914, alipoonyesha kuwa sababu ni upungufu wa chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akatambua kuwa dawa yake ni niasini.

Wala hayo si mambo ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa njugu karanga katika posho yao. Zaidi ya watu 17,000 wakapatwa na pelagra.

Kenya iliamuru mwaka 2012 unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini, niasini ikiwemo. Lakini magnesiamu, inayohitajiwa na misuli na mishipa ya fahamu, haikutiwa katika orodha ile, nayo hupotea kwa wingi mahindi yanapokobolewa. Wako wanaotafuta vyote viwili katika vidonge. Hao na wamwulize tabibu kwanza, kwani niasini ikizidi mno huweza kudhuru ini. Njugu karanga zina vyote viwili, na maharagwe yana magnesiamu pamoja na protini ambayo mwili huweza kuigeuza sehemu yake kuwa niasini.

Basi, asidharauliwe mama wa Eastlands anayepika githeri, mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Wengine hukiita chakula cha wanyonge. Kumbe anawapa wanawe kile ambacho posho ya unga mtupu haikuweza kumpa mtu.