Kiliandikwa kwa Ajili ya Nani? Rafu ya Vitabu vya Rwanda, Kutoka Kabgayi hadi Busanza

Busanza ni mtaa wa sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege wa Kigali. Jina lake lilivuma magazetini kwa sababu ya nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama, vitongoji vilivyomalizwa kubomolewa 2022. Mtaa mpya wa namna hii hukutanisha watu waliopitia shule tofauti kabisa. Aliyemaliza sekondari Rwanda miaka ya 1980 alifundishwa kwa Kifaransa. Aliyerudi kutoka Uganda au Tanzania baada ya 1994 alikuja na Kiingereza, pengine na Kiswahili pia. Mtoto aliyeanza shule baada ya uamuzi wa serikali wa 2008 wa kufundishia kwa Kiingereza anasikia Kiingereza darasani na Kinyarwanda nyumbani.

Anayetaka kuwapangia majirani hawa rafu moja, riwaya na hadithi huku, historia na wasifu kule, atagongana na jambo la zamani. Vitabu vya Rwanda si haba. Ila kila kizazi cha waandishi kilikuwa na msomaji wake kichwani, na kwa muda mrefu msomaji huyo hakuwa mtu wa kawaida aliyejikalia kwake jioni akitafuta cha kusoma.

Kabla ya karatasi, fasihi ilikuwa na wenyewe. Ikulu ya mfalme ilikuwa na *ibisigo*, mashairi marefu ya watunzi wa mfalme. Ilikuwa na *ibitekerezo*, masimulizi ya vita na tawala. Na ilikuwa na *ubwiru*, taratibu za siri za ufalme ambazo abiru, watunzaji wake, walizihifadhi kwa moyo na hawakumwambia mtu. *Imigani*, yaani ngano za sungura, fisi na mazimwi, ndizo zilizokuwa za kila nyumba. Mgawanyo huo, wa maneno ya wakubwa na maneno ya jikoni, ulihamia kwenye vitabu karibu bila kubadilika.

Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki walifungua misheni ya Save mwaka 1900, na kilichofuata ni katekisimu, sala na nyimbo. Upande wa Waanglikana, Harold Guillebaud alisimamia tafsiri ya Agano Jipya iliyotoka 1931. Biblia nzima ikapatikana 1954. Gazeti la Kinyamateka lilianza 1933 chini ya Kanisa Katoliki. Kujua kusoma na kuwa Mkristo vilikwenda pamoja, na kiwanda cha chapa cha misheni ya Kabgayi hakikuwa na sababu ya kuchapa hadithi ya kumchekesha mtu.

Kisha akaja Alexis Kagame. Alizaliwa 1912, akapewa upadri 1941, na akapata jambo ambalo hakuna mmisionari aliyelipata: imani ya watunzi na wajuzi wa ikulu, kwa ridhaa ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Inganji Karinga, historia ya Rwanda kwa Kinyarwanda, ilitoka kwa juzuu mbili, 1943 na 1947. Wanahistoria wa baadaye wameikosoa sana, na wana haki; Kagame aliitazama nchi kutoka kizingiti cha ikulu, na mkulima wa mlimani haonekani vizuri kutoka pale. Hata hivyo ni kitabu cha maarifa kilichomlenga Mnyarwanda, kwa lugha yake, wakati ambapo watu walioweza kukisoma walikuwa wachache mno.

Kitabu chake ninachokipenda zaidi ni kingine. Mwaka 1949 alichapisha Indyohesha-birayi, shairi refu la kumsifu nguruwe. Jina lenyewe linamtaja mnyama huyo kama kitu cha kukoleza ladha ya viazi. Ili utani ukolee, lazima msomaji ajue kwamba Wanyarwanda walikuwa na utanzu mzima wa kuwasifu ng'ombe wa kifalme, *amazina y'inka*, kwa lugha nzito ya mashujaa na mapigano, na kwamba nguruwe aliletwa na Wazungu na waungwana hawakumtaka hata kwa macho. Kagame alichukua mavazi ya ng'ombe wa mfalme akamvika nguruwe. Padri, mwanahistoria, baadaye mwanafalsafa aliyechapisha utafiti wake wa falsafa ya Kibantu mjini Brussels 1956, na katikati ya yote hayo akapata nafasi ya kuandika juu ya mlo. Ninaona hapo ndipo kitabu cha Kinyarwanda kilipoanza kusomwa kwa raha tu.

Mwaka huohuo wa 1949, Saverio Naigiziki alichapisha Escapade ruandaise huko Brussels, kisa cha karani anayeandamwa na madeni. Alikipanua baadaye, kikatoka tena 1955 kwa jina la Mes transes à trente ans. Ni maisha ya kawaida kabisa: deni, aibu, safari, hofu ya kukamatwa. Lakini yameandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo karani anaeleweka zaidi Ubelgiji kuliko kijijini kwake. Njia hiyo imepitiwa na wengi tangu hapo.

Aliyekwenda kinyume alikuwa askofu. Aloys Bigirumwami wa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika makoloni ya Ubelgiji (1952), alianzisha Hobe, jarida la vijana kwa Kinyarwanda, mwaka 1954. Yeye mwenyewe alikusanya methali, ngano, vitendawili na mila, yale yale maneno ya jikoni ambayo wasomi wa ikulu waliyapita. Hobe ilimtambua mtoto kuwa msomaji anayestahili kuandikiwa, na sioni hatua kubwa kuliko hiyo katika nusu ya kwanza ya historia hii.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliwaua waandishi pia, akiwemo mshairi Cyprien Rugamba, na yakabadilisha kila kilichoandikwa baada yake. Manusura Yolande Mukagasana alitoa ushuhuda wake 1997. Mwaka 1998 tamasha la Fest'Africa la Lille lilileta Rwanda kundi la waandishi wa Kiafrika. Vitabu vyao vingi vilitoka 2000, kikiwemo Murambi cha Boubacar Boris Diop na L'Ombre d'Imana cha Véronique Tadjo. Diop alirudi Senegal akaandika riwaya kwa Kiwolofu. Wanyarwanda waliokuwa ughaibuni walishika Kifaransa: Scholastique Mukasonga, ambaye familia yake ilihamishiwa kwa nguvu Nyamata 1960, alipata tuzo ya Renaudot 2012 kwa Notre-Dame du Nil. Gaël Faye aliipata tuzo hiyohiyo 2024 kwa Jacaranda. Ni vitabu vikubwa, na siwalaumu waandishi. Mchapishaji aliyekuwa tayari alikuwa Paris.

Kigali, wakati huohuo, kazi ilianzia chini. Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Editions Bakame mwaka 1995, nyumba ya vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda iliyopewa jina la sungura wa ngano. Nchi ilikuwa imejaa mayatima, na kitabu chembamba chenye picha kilikuwa jambo dogo lililowezekana. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyohangaikiwa na Rotary Club ya Kigali-Virunga kwa zaidi ya muongo, ilifunguliwa Kacyiru 2012. Matokeo ni rafu iliyopinda: mtoto ana hadithi katika lugha ya mama yake, lakini mama akitaka riwaya ya watu wazima mara nyingi analetewa Kifaransa au Kiingereza.

Na Kiswahili? Kiliingia na wafanyabiashara na askari wa Wajerumani, kikaota mizizi katika mtaa wa Biryogo baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha mji wa Kigali 1907, kikatazamwa na wamisionari kama lugha ya Waislamu na ya soko. Kikawa lugha rasmi 2017. Hadi leo Mnyarwanda hukutana nacho zaidi redioni, sokoni na darasani kuliko ndani ya riwaya, na anayetaka riwaya ya Kiswahili hutazama Dar es Salaam au Nairobi.

Kwa sababu ya uhaba huo wa riwaya za watu wazima kwa Kinyarwanda, kwenye rafu ya Busanza nisingeacha Gahugu gato, tafsiri ya Kinyarwanda ya Petit pays, riwaya ya Faye ya 2016 kuhusu mtoto wa Bujumbura. Kwa kitabu hicho, mama aliyeishia darasa la sita na binti wa chuo kikuu wanaweza kusoma riwaya moja wiki moja, kila mmoja kwa lugha anayoimudu, wakabishana juu yake jikoni.