Macho Hayana Pazia: Picha ya Mtu na Undani Wake, kutoka Studio hadi Ukutani Magoma

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuigawa kazi ya sanaa pande mbili, fani na maudhui. Tukishika riwaya tunauliza mwandishi kasema nini, na kakisema vipi. Lakini ipo kazi moja ya sanaa iliyomo karibu kila nyumba na ambayo haina mhakiki: picha ya mtu iliyopigwa studio. Nenda Magoma, wilayani Korogwe, katika nchi ya mkonge. Kwenye nyumba ya zamani kidogo utaikuta ukutani ndani ya fremu, au imelazwa sandukuni kati ya khanga. Mtu kasimama wima, mikono imetulia, uso mkavu. Vijana wakiiangalia husema, "Mbona hawa wazee walikuwa hawacheki?"

Swali hilo ni la utani, lakini ndani yake limo swali kubwa. Je, picha ya uso inaweza kunasa undani wa mtu, yaani furaha yake, hofu yake, na yale anayoyawaza akiwa peke yake? Makala haya yanakusudia kulijibu kwa njia ya historia. Hoja yetu ni kwamba picha hutupa dhahiri ya mtu. Batini yake huonekana pale tu picha inapokutana na maneno ya anayemjua.

Tuanze na wale walioamini kuwa uso ni kitabu cha wazi. Upigaji picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839, na haukupita muda wataalamu wakataka kuutumia kuusoma moyo. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za nyuso alizozichokoza kwa umeme. Mtu wake mkuu alikuwa mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa karibu haina hisia. Daktari akigusa msuli huu, mzee anaonekana kacheka. Akigusa ule, anaonekana kaingiwa na hofu kuu. Mwaka 1872 Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Akaongeza nyingine za mpiga picha wa London, Oscar Rejlander, ambaye mara nyingine alisimama mwenyewe mbele ya kamera na kuigiza.

Msomaji ataona kichekesho kilichopo hapa. Yule mzee hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na waya tu. Rejlander naye alikuwa anaigiza, kama sisi tunavyoigiza jukwaani. Kwa hiyo picha za mwanzo kabisa zilizotolewa kama ushahidi wa hisia zilikuwa ni sanaa ya maonyesho. Hatusemi kuwa Darwin alikosea kila kitu. Tunasema kwamba tangu mwanzo uso uliomo pichani na moyo uliomo kifuani havikuwa kitu kimoja.

Sasa turudi kwetu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu. Mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ulipoanza Tanga. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Pamoja na shamba na reli ikaja kamera. Mpiga picha anayejulikana zaidi wa enzi ile ya Wajerumani ni Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, na ambaye picha zake nyingi zimehifadhiwa leo katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Kwa fani ni picha nzuri sana. Mwanga umepangwa, ngozi inang'aa, macho yanakutazama moja kwa moja. Lakini soma maelezo ya chini. Mara nyingi utakuta kabila au kazi: Mmasai, askari, mpagazi. Jina hakuna.

Kwa lugha yetu ya darasani, huyo ni mhusika bapa. Kawekwa pale ili awakilishe kundi. Mtazamaji wa Berlin hakuulizwa afikirie huyu bwana jana yake alizungumza na nani, au ana deni la nani. Dhahiri ipo tele, hata kupindukia, lakini nafsi imefungiwa nje ya fremu. Mtu alikuwa na undani wake kama kawaida. Maelezo ya chini ndiyo yaliyoufuta. Hapa tunapata funzo la kwanza: maneno yanayoambatana na picha yana nguvu ya kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Chini ya utawala wa Mwingereza mambo yalichukua sura nyingine. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe yalihitaji watu wengi, wakaletwa kutoka mbali: Songea, Ubena, Kigoma, hata nje ya Tanganyika. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuwaandikisha, iliyojulikana kama SILABU. Watu hao wakaitwa manamba, neno lililotokana na namba. Hebu tulitafakari jina hilo. Mtu kaondoka kwao ana jina la babu yake, kafika kambini kawa tarakimu. Kazi yake ikahesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 ambayo sharti ijae ndipo mshahara utoke. Kipande kilikuwa nacho ni picha ya mtu kwa namna yake: kilionyesha kafika, kakata, kamaliza. Kilichokuwa rohoni mwake hakikuwa na nafasi ya kuandikwa.

Miaka hiyo hiyo ya kipande ndiyo iliyokuwa miaka ya kustawi kwa studio katika miji ya pwani. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake kuanzia miaka ya 1940. Kwa studio ya aina hii, maana ya kupigwa picha ilikuwa imegeuka. Sasa anayepigwa ndiye anayelipa, basi ndiye mwenye kauli. Anachagua avae nini, asimame au akae, ashike nini. Kama hana koti, ataazima. Afrika Magharibi, Seydou Keïta aliyefungua studio Bamako mwaka 1948 alikuwa na vitu vya kuwaazima wateja: saa, kalamu, redio. Mtindo ni ule ule.

Wako wanaoziita picha hizi uongo. Eti saa si yake, koti si lake, hata bustani iliyo nyuma yake imechorwa kwenye pazia. Kwa maoni yetu huko ni kusoma juu juu. Mshairi akisema moyo wake ni bahari, hatumwambii kasema uongo. Tunauliza kwa nini kachagua bahari. Vivyo hivyo tumuulize mtu wa studio kwa nini kachagua kalamu. Mtu anayehesabiwa kwa namba mwezi mzima, akisimama mbele ya kamera ameshika kalamu, hatudanganyi. Anatuambia anachokitamani. Na tamaa ya mtu ni sehemu ya undani wake, pengine sehemu ya ndani kuliko zote.

Tulijibu sasa lile swali la kucheka. Jibu la haraka ni la kiufundi: kamera za karne ya 19 zilihitaji mtu atulie muda mrefu, na tabasamu haliwezi kushikiliwa. Ni kweli kwa picha za zamani sana. Lakini kufikia miaka ya 1950 kamera ilikuwa inamaliza kazi kwa kufumba na kufumbua. Kama watu waliendelea kukaza uso, basi walichagua wenyewe. Kwetu uso uliotulia ni heshima. Mtu mzima hamwagi hisia zake mbele ya mgeni, anazisitiri. Anayecheka ovyo huonekana hana uzito. Kwa hiyo uso mkavu wa picha za wazee una hisia, ila ni hisia zilizovalishwa nguo. Msomaji asiyeijua desturi ya kusitiri ataona ukuta mtupu. Anayeijua ataona mtu aliyejipanga ili aonekane kama anavyotaka akumbukwe.

Wanazuoni wawili wameligusa jambo hili kwa upande wa pwani. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013, anaonyesha jinsi watu wa pwani ya Kenya walivyovutana kuhusu nani aonekane na nani asionekane, hasa wanawake. Prita Meier, katika kitabu cha mwaka 2024, anaenda mbali zaidi: kwamba pwani picha ilithaminiwa kama pambo, kitu cha uso na mng'ao, na si dirisha la nafsi. Tunamkubali Meier kwa kiasi kikubwa. Ni kosa kuchukua mazoea ya Ulaya, ambako uso unadhaniwa ni mlango wa roho, na kuyabandika kwenye ukuta wa Lamu au wa Korogwe. Lakini wahenga walisema macho hayana pazia. Studio ikiwa na pazia lake lililochorwa, na mtu akiwa na koti lake la kuazima, bado macho yamo. Suala ni nani ana uwezo wa kuyasoma.

Mfano mzuri ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete. Picha yake inayojulikana sana ilipigwa Hamburg, na humo kavaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja. Mtazame. Ametulia, kapambwa, huwezi kumjua kama ana raha au ana dhiki. Mtu asiyejua lolote atasema: huyu ni binti wa Sultani nyumbani kwao. Kumbe yuko kwenye baridi ya Ujerumani, kavaa nguo ambazo hazikuwa tena za kila siku kwake. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo katika nchi ya watu. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake, na baadaye zikaja kujulikana barua zake zinazoeleza upweke wa maisha yale. Ukishayajua haya, irudie picha ile ile. Karatasi haijabadilika hata chembe, lakini nguo zile sasa zinasema kitu kingine. Maandishi yake ndiyo yaliyofungua.

Mfaransa Roland Barthes alilifikia jambo hili kwa uchungu wake mwenyewe. Mamake alikufa mwaka 1977. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 anasimulia jinsi alivyopekua picha za marehemu na hatimaye kumwona mama yake halisi katika picha moja ya utotoni, ambayo bado ni mtoto wa miaka mitano. Picha nyingine kazichapisha kitabuni, hiyo hakuichapisha. Sababu yake ni kwamba kwetu sisi wengine ingekuwa picha ya mtoto yeyote tu. Wahenga wetu walikwisha kulisema kwa maneno machache: siri ya mtungi aijuaye kata.

Na hapa ndipo fasihi inapoingia. Riwaya ina njia yake ya kuingia ndani ya mtu. Katika Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) tunamsikia Kazimoto mwenyewe akiwaza, hatuhitaji kuuona uso wake. Picha haina nafsi ya kwanza. Haiwezi kusema "mimi". Msimulizi wake yuko nje ya fremu: ni bibi anayekaa mkekani na kusema, huyu ni kaka yangu, hapa alikuwa ametoka kumzika mwanawe, koti ni la rafiki yake. Sentensi tatu hizo zikitamkwa, uso mkavu unageuka, na yule mhusika bapa anakuwa mhusika duara mbele ya macho yako.

Kama hoja hii ni sahihi, basi tuna hatari ambayo haingoji. Zao la mkonge lilifikia kilele chake miaka ya 1960, karibu tani 230,000 kwa mwaka, kisha likaporomoka. Watu wa kambi walitawanyika. Wengine walibaki, wakazaa, wakazeeka hapo hapo. Waliokuwa vijana wakati ule leo ni wazee sana au ni marehemu. Picha zao zipo, tena mchwa na unyevu bado hawajazimaliza. Kinachokwisha ni sauti. Kila msimulizi anapoondoka, nyuso kadhaa ukutani zinarudi kuwa za Dobbertin: mtu mmoja, mavazi fulani, jina hakuna. Safari hii atakayekuwa kalifuta jina si mkoloni, ni sisi wajukuu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo na la gharama ndogo. Wenzetu mnaokwenda likizo Korogwe, Handeni, Muheza au popote pengine, chukueni picha moja ya nyumbani. Ulizeni ni nani, ilipigwa wapi, mwaka gani, nguo zilikuwa za nani, na siku hiyo kulikuwa na nini. Andikeni kwa penseli nyuma ya picha, maana wino unapenya. Walimu wetu nao wanaweza kuikubali picha yenye masimulizi kama matini halali ya uhakiki, kama tulivyozikubali hadithi na nyimbo za mdomo. Simulizi tunazifundisha kama fasihi. Hizi nazo ni simulizi, ila zimeegemea karatasi.